Seli ya nane inayumba: je, nibadilishe chipu ya refarensi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi wa sola hapa Langoni, Lamu. Nimetengeneza kifaa cha kusoma volti za betri ya litiamu ya chuma-fosfati, seli nane zilizofungwa mfululizo, inayoendesha friza ya samaki. Chipu inayosoma ni ya biti 12, na refarensi yake, yaani chipu inayotoa volti thabiti ya kulinganishia, ni LM4040 ya volti 2.5. Kila seli ina rezista zake mbili za kugawa volti. Za seli ya nane ni megaomu 1.1 juu na kiloomu 100 chini, nimeziweka kubwa ili zisile betri. Mezani kila seli ililingana na mita yangu. Nilipokifunga kwenye boksi chini ya mabati, mchana seli ya kwanza inakosea milivolti 3, ya nane milivolti 20 na zaidi. Tena nilikisawazisha wakati wa kaskazi, masika ilipoingia hakikulingana tena. Nimeona refarensi za ppm 2 (sehemu mbili kwa milioni) kwa digrii, bei yake kubwa. Ninunue ipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeandika jambo moja ambalo wengi hulisahau, nalo ni kwamba seli ya kwanza na ya nane hazikosei sawa. Ungeniandikia tu "kifaa kinakosea" ningekutajia chipu, ungeinunua, na seli ya nane ingeendelea kuyumba vile vile.

Refarensi ni jiwe la mizani. Chipu yako ya biti 12 haijui volti ni nini; inachojua ni kulinganisha kinachoingia na zile volti 2.5, kisha kusema ni sehemu ngapi kati ya 4096. Jiwe likipungua uzito, kila kinachopimwa sokoni siku hiyo kinakosewa kwa uwiano ule ule, unga na sukari sawasawa. Basi kosa la refarensi lina alama yake: linagusa seli zote kwa asilimia ile ile. Ikihama kwa asilimia 0.1, seli ya kwanza yenye volti 3.3 itakosea milivolti 3.3, na ya nane nayo milivolti 3.3, kwa sababu ya nane unaipata kwa kutoa volti za chini yake katika volti za jumla, na zote mbili zimepimwa kwa jiwe lile lile.

Rezista haziko hivyo. Juu ya seli ya nane pana volti 26.4, yaani 3.3 mara nane. Rezista ya megaomu 1.1 ikibadilika kwa sehemu moja kati ya elfu ya thamani yake huku ya kiloomu 100 ikibaki pale pale, somo la zile volti 26.4 linahama karibu milivolti 24. Volti za seli saba za chini zimepita kwenye rezista nyingine ambazo tuseme hazikubadilika, kwa hiyo ukitoa, milivolti 24 zote zinaiangukia seli ya nane peke yake. Ya kwanza haina habari.

Sasa angalia namba zako. Milivolti 3 katika 3.3 za seli ya kwanza ni karibu ppm 900, yaani sehemu 900 kwa milioni. Mezani kwako nakadiria digrii 27, na boksi chini ya mabati mchana lifike 52. Hizo ni digrii 25, na ppm 900 kugawanya kwa 25 ni 36 kwa digrii. Datashiti ya LM4040, yaani karatasi ya maelezo ya mtengenezaji, inaruhusu hadi 100. Chipu yako, kwa hiyo, inafanya kazi ndani ya ahadi yake, na milivolti 17 zilizobaki za seli ya nane si zake. Rezista za kawaida zinazouzwa kwa pakiti huwa na ppm 100 kwa digrii, nyingine zaidi, tena moja inaweza kupanda huku mwenzake akishuka. Tofauti ya ppm 40 tu baina ya hizo mbili, kwa digrii 25, inatosha kukupa ile sehemu moja kati ya elfu niliyoitaja.

Halafu kuna masika. Hapa ndipo nataka unisikilize kuliko penginepo, kwa sababu vitabu tunavyosomea vimeandikwa mahali ambapo chumvi haipeperuki hewani.

Bodi iliyokaa Lamu miezi mitatu bila kufunikwa ina utando wa chumvi usioonekana kwa macho. Wakati wa kaskazi, jua kali na upepo, utando ni mkavu na hausumbui. Hewa ikijaa unyevu, chumvi inavuta maji, na utando unakuwa rezista ya ziada uliyoiweka bila kujua, sambamba na ile ya megaomu 1.1. Haihitaji kuwa na nguvu. Gigaomu moja, ambayo mita yako haiwezi hata kuiona, ikikaa sambamba na megaomu 1.1 inaipunguza kwa zaidi kidogo ya sehemu moja kati ya elfu, nawe umeshapoteza takriban milivolti 27 kwenye seli ya nane. Uliweka rezista kubwa ili usile betri, na nia ilikuwa njema. Lakini kwa pwani yetu megaomu zilizo wazi ni mwaliko.

Mimi mwenyewe nililijua hili kwa kuchelewa. Miaka hiyo nilikuwa natengeneza mizani za kielektroniki za kupimia magunia ya chumvi, huko kaskazini mwa Malindi. Mizani moja ilikuwa ikipotoka kila asubuhi, ikifika saa tano inarudi sawa. Nilibadilisha refarensi mara mbili. Hata kama ingekuwa mbovu kweli isingeonekana, maana katika mizani ya aina ile volti inayolisha kihisi cha uzito ndiyo hiyo hiyo inayotumika kama jiwe la kulinganishia. Ikishuka, vyote viwili vinashuka pamoja na uwiano unabaki. Siku niliyoiosha bodi kwa spiriti, nikaikausha juani na kuipaka vanishi ya bodi, ikatulia. Kama kifaa chako kina kihisi cha joto kinacholishwa na zile zile volti 2.5, nacho kiko hivyo, usikigharamie refarensi.

Kwa hiyo kwa jinsi kifaa kilivyo leo, chipu ya ppm 2 ingekuondolea milivolti 2 au 3 kati ya 20. Lakini umeuliza kuhusu refarensi, na ukishatengeneza rezista utaihitaji nzuri, basi nikueleze namna ya kuisoma datashiti yake, kwa sababu namba kubwa ya ukurasa wa kwanza ndiyo yenye faida ndogo kwako.

Namba hiyo ni usahihi wa mwanzo: asilimia 0.1, 0.05, 0.02. Inasema chipu ikitoka kiwandani, kwa digrii 25, iko karibu kiasi gani na volti 2.5. Kosa hilo halibadiliki, kwa hiyo unaweza kulifuta kwenye programu kwa kuzidisha na namba moja, mradi una kitu sahihi zaidi cha kulinganishia. Unacho? Mita nyingi za mkononi za bei ya kawaida zina asilimia 0.5 kwenye volti za DC, na hiyo kwa volti 3.3 ni milivolti 16. Uliposawazisha kifaa kwa mita, ulichukua jiwe zuri ukalichonga lifanane na jiwe baya. LM4040 ya daraja A ina asilimia 0.1, ni sahihi mara tano kuliko mita hiyo. Ni refarensi inayopaswa kuisahihisha mita. Ukitaka kulinganisha kweli kweli, Shirika la Viwango, KEBS, wana maabara ya upimaji Nairobi. Ama tafuta mtu mwenye mita ya mezani ya tarakimu sita iliyosawazishwa karibuni.

Namba ya pili ni ya joto, na hii ndiyo unayoilipia. Ndani ya refarensi nyingi za leo kuna hila ambayo Bob Widlar aliiweka kwenye chipu ya kuuzwa mwaka 1971. Volti ya transista hushuka karibu milivolti 2 kwa kila digrii ya joto. Lakini tofauti ya volti baina ya transista mbili, moja ikibanwa mkondo mwingi na nyingine ukitawanywa kwenye eneo kubwa, hupanda joto likipanda. Unaikuza tofauti hiyo mpaka kupanda kwake kulingane na kushuka kwa ile ya kwanza, kisha unazijumlisha. Ni kama matengo mawili ya ngalawa, upande mmoja ukizama mwingine unanyanyua. Jumla inatulia karibu na volti 1.2, nayo inakuzwa hadi 2.5. Hata hivyo haitulii kabisa. Mstari unabaki na mpindo kama upinde, na watengenezaji wa chipu ghali wanalipwa kwa kuunyoosha mpindo huo.

Sasa ile "ppm 2 kwa digrii" inapatikanaje? Wanachukua volti ya juu kabisa na ya chini kabisa waliyoipata popote kati ya digrii 40 chini ya sifuri na 125 juu, wanatafuta tofauti, wanaigawa kwa digrii zote 165. Hawakuahidi kwamba kila digrii moja ni ppm 2. Waliahidi jumla ya ppm 330 mahali pote, na hakuna kinachozuia sehemu kubwa ya hizo 330 kutokea kati ya 27 na 52, mahali unapofanyia kazi wewe. Fundi akizidisha 2 kwa 25 akapata 50, amejipa matumaini ambayo datashiti haikumpa. Kwa hesabu yako, chukua zote 330: kwa seli ya volti 3.3 ni milivolti 1.1. Inakutosha kabisa. Kisha tazama michoro ya nyuma ya datashiti, mistari ya chipu kadhaa kadhaa. Hapo utaona mpindo uko wapi hasa. Chipu iliyo tulivu kati ya 20 na 60 ni bora kwa Lamu kuliko ile inayojivunia baridi ambayo hatutaiona.

Jambo linalofuata halipewi nafasi kubwa kwenye datashiti nalo linatuhusu. Chipu ikipashwa joto kisha ikapoa, hairudi pale pale ilipokuwa. Plastiki ya ganda na silikoni ya ndani hazitanuki sawa, zinasukumana, na silikoni inayosukumwa inabadilisha volti. Boksi lako linapanda na kushuka kila siku. Kwa sababu hiyo hiyo chipu inahama ukiilehemu, na inahama ukifunga skrubu za bodi hadi ikapinda. Iweke karibu na ukingo wa bodi, mbali na skrubu, na kama unaweza kukata mfereji mwembamba pande tatu kuizunguka, ikae kama ulimi, kata. Ni kazi ya msumeno mdogo, na inasaidia kuliko watu wanavyodhani.

Na plastiki hiyo inakunywa unyevu. Inavimba kidogo, inaibana silikoni, volti inahama makumi ya ppm kati ya kiangazi na masika. Kwako ni sehemu ndogo ya milivolti, kwa hiyo usiitafutie dawa ya gharama. Ningekuwa natengeneza kifaa cha kusahihishia mita za watu, ningenunua ganda la kauri lililozibwa, kama LTC6655 inavyopatikana, au la chuma. Vanishi huchelewesha unyevu kuingia kwenye plastiki, haiuzuii. Kwa chumvi juu ya bodi, vanishi ndiyo dawa.

Kuhama kwa miaka: refarensi changa huhama zaidi katika saa elfu moja za mwanzo, kisha hupunguza mwendo. Saa elfu moja ni siku 42. Basi ukishailehemu iache iwake mwezi mmoja na nusu kabla ya kuisawazisha kwa mara ya mwisho. Wengi husawazisha jioni ile ile waliyolehemu, wakati chipu bado inauguza jeraha la moto.

Kelele sitaizungumza sana. Ni mikrovolti chache, na wewe unasoma betri, soma mara 64 uchukue wastani.

Lakini kapasita ya kwenye mguu wa kutokea, hiyo isome neno kwa neno. Baadhi ya refarensi hutaka kapasita ya aina na ukubwa fulani, na usipoiheshimu chipu inatetemeka, mita inakuonyesha 2.47 au 2.53, nawe unaituhumu kuwa bandia. LM4040 haina shida hiyo, inakubali kapasita yoyote, ndiyo sababu naipenda kwa wanaojifunza. REF5025 inaitaka ya mikrofaradi 1 hadi 50 na ina masharti juu ya upinzani wa ndani wa kapasita hiyo.

Sasa ununue ipi. Ukiwa na rezista nzuri, ADR4525 ya daraja B (asilimia 0.02, ppm 2) au REF5025 ya daraja la juu (asilimia 0.05, ppm 3) ni zaidi ya unachohitaji. TL431 uliyoitoa kwenye chaja iliyokufa, hapana. Ni chipu hodari kwa kuendesha chaja, ila nyingi zina asilimia 1 au 2. LM399, yenye jiko lake ndani linaloishikilia karibu digrii 90 ili joto la nje lisiiguse, ni kitu kizuri mno, na inakula karibu theluthi ya wati usiku na mchana. LTZ1000 ndiyo iliyo ndani ya mita ya HP 3458A ya maabara kubwa, iache huko. Tahadhari na bei za ajabu mtandaoni: chipu iliyosuguliwa jina na kuandikwa upya ipo. Ijaribu kwa joto kabla hujaiamini.

Ila kabla ya kununua chochote, kuna tatizo ambalo hakuna refarensi itakayolitibu. Biti 12 za volti 2.5 ni ngazi za milivolti 0.61. Rezista za seli ya nane zinagawa volti kwa 12, kwa hiyo ngazi moja ya seli hiyo inakuwa milivolti 7.3, kisha unatoa somo jingine lenye ngazi zake. Seli ya litiamu ya fosfati katikati ya chaji inabadilika makumi machache ya milivolti tu huku umetumia sehemu kubwa ya umeme wake. Kwa kuzima chaji kwenye volti 3.65 ngazi hizo zinatosha. Kwa kujua seli ipi inabaki nyuma ya wenzake, ambayo ndiyo kazi ya kifaa chako, hazitoshi.

Ningekuwa wewe ningeachana na kugawa volti. Zipo chipu zilizotengenezwa kwa kazi hii: LTC6804, kwa mfano, inasoma seli hadi 12 zilizofungwa mfululizo, kila seli kati ya miguu yake miwili, bila rezista za kugawa, na refarensi yake ya zena (aina ya dayodi) imezikwa ndani ya silikoni, mbali na uso. Kosa lake lote, kwa digrii 25 na seli ya volti 3.3, linaahidiwa kuwa ndani ya milivolti 1.2. Pesa ulizotaka kutia kwenye refarensi, zitie hapo.

Kama utabaki na kifaa hiki kwa sasa, shusha rezista mara kumi: kiloomu 110 na kiloomu 10, za ppm 25 au chini, za aina moja na pakiti moja, zikae bega kwa bega zipate joto moja. Mkondo wao ni mikroampia 220 tu, hata friza yako haitajua. Utando wa gigaomu uliokuwa unakupotezea milivolti 27 sasa utakupotezea chini ya 3. Na chipu ya kusoma itafurahi, maana nyingi hazipendi kulishwa kupitia rezista kubwa. Weka na kapasita ya nanofaradi 100 kwenye kila mlango. Osha bodi kwa spiriti, ianike juani nusu siku, paka vanishi pande zote mbili, viunganishi ukivifunika kwa tepu kwanza.

Kisha fanya jaribio hili kabla hujakirudisha juu. Acha betri chini, kwenye chumba chenye kuta za mawe ambako joto halipandi haraka, bila mzigo wala chaji. Bodi peke yake iweke kwenye katoni yenye taa ya filamenti, nyaya zikiwa ndefu. Andika masomo ya seli zote nane kwa digrii 27, kwa 40, kwa 52, kila mara ukisubiri nusu saa, halafu zima taa na uandike tena ikirudi 27. Seli zote zikihama kwa asilimia ile ile, ni refarensi. Zikitawanyika, za juu zaidi kuliko za chini, bado ni rezista. Zikikataa kurudi kwenye namba za mwanzo, angalia skrubu na ulehemu. Nitumie hiyo karatasi, pamoja na majina yaliyoandikwa kwenye rezista ulizopata.